Koili Yenye Nukta Mbili

Kila siku baada ya shule, Mita alivua sare, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akala chakula kilichofunikwa kwa sahani mezani, kisha akavuka ua kwenda gereji. Gereji ilikuwa mbele ya nyumba yao: paa la mabati, sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta ya miaka mingi, na meza ndefu ya mbao iliyojaa waya, bisibisi na makopo ya parafujo.

Mama yake alikuwa fundi wa umeme wa magari. Mjomba wake, yaani mdogo wake mama, alishughulika na kufungua na kufunga vyuma. Jina la Mita si la kuzaliwa. Alibandikwa na mjomba kwa sababu tangu alipofika darasa la sita alikuwa haachi kuning'iniza shingoni mita ya kupimia umeme, kama daktari na kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo. Naye mjomba mtaa ulimwita Baadaye, kwa kuwa ukimwagiza kitu, hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Kazi ya Mita ilikuwa kupima koili. Watu walileta magari mabovu yasiyotengenezeka tena, mama akachomoa koili zake, na zile zilizo nzima zikafungwa kwenye magari mengine. Koili ni kitu kidogo kama kopo la maziwa, lakini gari la petroli lisilo na koili, mjomba alipenda kusema, ni banda la kuku lenye usukani. Betri ina umeme mdogo tu. Koili huupokea, ikaukuza mara maelfu, ikaupeleka kwenye plagi. Plagi hutoa cheche, cheche huwasha petroli, na gari huenda. Koili ikifa, cheche hakuna na safari hakuna.

Ndani ya koili mna waya mwembamba kama unywele, umezungushwa mara nyingi mno. Huwezi kuuona. Njia pekee ya kujua hali yake ni kuupima. Ndiyo maana mama aliweka sheria moja isiyojadiliwa: kila koili hupimwa mara mbili, ikiwa baridi na ikiwa moto.

"Waya uliokatika unaweza kuwa bado umegusana," mama alimweleza siku ya kwanza. "Ukiwa baridi, mita itakwambia uko mzima. Ukipata moto unatanuka, unaachana. Koili ya namna hiyo ni mnafiki. Asubuhi mzima, mchana marehemu."

Koili ikifaulu mtihani wa baridi, Mita aliipaka nukta nyeupe. Baada ya hapo aliipasha kwa draya kuukuu ya kukaushia nywele waliyopewa na msusi wa jirani, dakika kumi kamili, akaipima tena. Ikifaulu, aliipaka nukta nyekundu. Nukta zenyewe zilipakwa kwa rangi ya kucha. Mama, ambaye kucha zake hazikuwahi kuona rangi, alikuwa na chupa mbili ndani ya sanduku la spana, na ole wake mteja aliyecheka. Koili yenye nukta mbili iliwekwa kwenye sanduku la koili nzima, na yeyote aliyeichukua humo hakuwa na haja ya kuuliza kitu.

Mita aliipenda mita. Draya aliichukia. Mpini wake ulifungwa utepe mweusi, yenyewe ilinuka nywele zilizoungua, na ilipiga kelele kiasi cha mtu kushindwa hata kuimba.

"Mama, nimeshapasha koili hamsini," alilalamika siku moja. "Zilizokataa ni mbili. Mbili tu! Hii si kazi, hii ni adhabu."

"Hizo mbili ndizo tunazozitafuta," mama alijibu bila kuinua kichwa.

"Lakini arobaini na nane zote nimezipasha bure!"

"Hukujua kuwa ni bure mpaka ulipozipasha. Endelea."

Mita alinuna hadi mjomba akamwambia kuwa midomo ile imechomoza vya kutosha, mtu anaweza kuitundikia bisibisi.

Basi ikafika Alhamisi ya fainali ya netiboli. Darasa lao lilikuwa linacheza na darasa la saba, na Mita ndiye mfungaji. Mchezo ulikuwa uanze saa kumi na nusu. Saa kumi kasoro robo alikuwa gerejini na koili sita mbele yake. Mama alikuwa ametoka kwenda kununua waya. Mjomba alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana.

Alizipima zote baridi. Zote zilitoa namba nzuri, tena zinazofanana kama watoto pacha. Akapaka nukta nyeupe sita. Kisha akaitazama draya, akapiga hesabu. Dakika kumi mara sita ni saa nzima.

"Saa nzima!" alisema kwa hasira, ingawa hapakuwa na wa kumsikia ila miguu ya mjomba. "Kwa ajili ya koili ambazo zimeshasema zenyewe kuwa ni nzima!"

Akafungua chupa ya rangi nyekundu. Nukta moja. Mbili. Tatu. Hakujiambia kwamba anadanganya. Alijiambia kwamba anaokoa muda. Alizipanga koili zote sita kwenye sanduku la koili nzima, akavua mita shingoni, akatimua mbio.

Walishinda kwa tofauti ya magoli mawili, na mawili ya mwisho alifunga yeye.

Siku nane zilipita. Ijumaa mchana, shule ilikuwa imefunga mapema, Mita alikuwa gerejini anasugua vichwa vya betri kwa brashi ya waya. Mara likaingia gari la mizigo likivuta kwa kamba gari dogo la zamani la rangi ya bluu. Kabla halijasimama vizuri, mlango wa lile la bluu ulifunguliwa kwa kishindo, akatoka mkunga.

Mtaani hapakuwa na asiyemjua mkunga. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya upole kwa mama wajawazito na sauti nyingine kabisa kwa watu wengine wote. Leo hakuja na ile ya upole.

"Nani aliyefunga koili kwenye gari langu?" aliuliza. "Sitaki jina. Nataka uso wake niutazame."

Mama akaweka chini spana. "Karibu kwanza, Mama Mkunga. Keti."

"Sikai! Nimekaa jana vya kutosha, juu ya jiwe, katikati ya kilima, jua la saa saba likinikaanga. Ndani ya gari nina mama wa watu, uchungu umeshamkolea. Gari limekohoa mara mbili, likazima. Nimepiga ufunguo, kimya. Nimefungua boneti nikatazama injini kama ng'ombe anavyotazama gazeti. Unajua nani alisukuma gari, Fundi? Mimi na mama mkwe wake! Bibi wa watu wa miaka sabini, anasukuma gari lililotoka kwako wiki iliyopita na ukaniambia, 'Nenda bila wasiwasi.'"

Waliokuwa wakisubiri magari yao kwenye benchi waliacha kuzungumza. Hata dereva wa gari la mizigo alisita kufungua kamba.

"Yule mama yuko wapi?" mama aliuliza polepole.

"Yu hai. Mtoto yu hai. Lakini usijipongeze. Lilipita lori la matofali, ndilo lililotubeba, na mtoto akazaliwa mlangoni pa kituo cha afya. Si kitandani. Mlangoni! Jioni nimerudi kulitazama gari, nimejaribu ufunguo, linawaka kama halijafanya kitu. Nilitaka kulipiga teke. Leo nimelivuta kwa kamba, maana siliamini tena hata hatua kumi."

Mita alisikia mwili ukimsisimka kwa hasira. Nani hapa gerejini aliyemharibia mkunga gari? Alitaka aadhibiwe mtu, na aadhibiwe leo.

Mama alikuwa ameshainamia injini. Lilikuwa gari la zamani, lenye koili moja tu kwa injini nzima. Aliichomoa koili, akaigeuza mkononi, akaipima. Namba ikaja nzuri. Akaipima tena upande wa pili. Nzuri.

"Ajabu," alisema. "Gari linazima likipata moto, likipoa linawaka. Kwa dalili hizi ningesema koili inakatika ndani kwa joto. Ningeapa kabisa. Lakini hii ina nukta nyekundu. Imeshapashwa, ikapimwa, ikafaulu. Basi si koili."

Akaendelea kukagua, waya baada ya waya. Mwishowe akaweka bisibisi kwenye parafujo iliyoshika ncha ya pili ya waya wa koili. Ikazunguka kidogo kabla ya kukaza. Uso wake ukabadilika.

"Njoo hapa," alimwita mdogo wake.

Mjomba akatoka nyuma ya lori akijifuta mikono.

"Parafujo hii imelegea. Waya ukipata moto unacheza, umeme unakatika. Koili hii uliifunga wewe."

"Niliifunga mimi, Dada, na nikaikaza."

"Umeikaza? Au ulisema utaikaza baadaye?"

Mtu mmoja kwenye benchi akacheka. Mjomba hakucheka.

"Gari limevutwa kwa kamba kwenye barabara ya mashimo tangu kule kilimani," alisema. "Parafujo yoyote italegea robo mzunguko. Mimi niliikaza."

"Mwezi uliopita ulisahau spana juu ya injini ya teksi," mama alisema, sauti ikipanda. "Nikanyamaza. Nikasema ni bahati mbaya. Leo mtoto wa mtu amezaliwa mlangoni kwa sababu ya robo mzunguko! Mimi nimejenga jina la gereji hii kwa mikono yangu hii, sina mikono mingine. Nipe funguo za gereji."

"Dada..."

"Funguo!"

Mjomba alitazama watu wa kwenye benchi, akamtazama mkunga, akarudi kumtazama dada yake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unaninyang'anya funguo mbele ya watu kwa kosa ambalo sikulifanya. Haya. Lakini ujue kuwa unanionea."

Hapo Mita, kwa hasira ileile iliyokuwa ikimchemka, akaropoka, "Lakini Mjomba, si kweli kwamba unasahau vitu? Hata ile spana..."

Mjomba akamgeukia. Hakumfokea, na afadhali angemfokea.

"Hata wewe, Mita? Mimi nilifuata sheria ya mama yako. Nilichukua koili yenye nukta mbili. Nukta zako."

Alitupa funguo juu ya meza, zikaanguka kando ya koili.

Mita akaitazama ile koili. Ikampiga kama kofi.

Rangi ya kucha ukiipaka kwenye koili ya moto, huchemka kidogo, ikakauka na mikunjo kama utando wa juu ya maziwa. Nukta zote nyekundu alizowahi kupaka kwa haki zilikuwa na mikunjo. Hii ilikuwa laini kabisa. Ilikuwa inang'aa kama ukucha wa bibi harusi. Hii ilipakwa kwenye koili baridi. Ilikuwa moja ya zile sita.

Aliona joto likimpanda usoni, na jambo la kwanza alilohisi halikuwa aibu. Ilikuwa hasira. Aliikasirikia koili kwa kumtazama. Aliwakasirikia darasa la saba kwa kupanga mchezo mapema. Alimkasirikia mkunga kwa kupita kilimani mchana, na mama kwa kutunga sheria inayokula saa nzima. Kila mtu alikuwa na kosa lake isipokuwa yeye. Kisha akamwona mjomba ameinama kwenye kona, anazifunga spana zake ndani ya kitambaa, moja moja, na ile hasira ikakosa pa kukaa.

Mama alirudisha koili mahali pake, akakaza parafujo hadi vidole vikawa vyeupe, akapiga ufunguo. Injini ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri.

"Tayari," alimwambia mkunga. "Nisamehe sana. Kosa la fundi wangu ni kosa langu."

"Nitakusamehe nikishavuka kile kilima nikarudi," mkunga alisema, akachukua mkoba wake. "Kuna mama mwingine ng'ambo ya pili ananingoja kabla ya magharibi. Akikata tamaa huyo, sina la kumwambia."

Akaingia garini, akafunga mlango.

Mita alijua vizuri kitakachotokea. Injini ilikuwa imepoa, na kwa hiyo ingeimba. Ingeimba barabarani, ingeimba sokoni, na katikati ya kilima, ikishapata moto, ingekohoa mara mbili. Safari hii huenda lori la matofali lisipite. Na yeye angekuwa wapi? Hapa, anasugua betri, na mjomba hayupo.

Aliruka, akasimama mbele ya gari, mikono miwili juu ya boneti.

"Zima, Mama Mkunga! Tafadhali zima!"

"Mita!" mama alifoka. "Toka mbele ya gari! Una wazimu?"

"Sitoki!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mjomba hakukosa! Nukta nyekundu ni ya uongo. Niliipaka mimi. Sikuipasha hiyo koili, Mama. Sikuipasha hata dakika moja."

Mkunga alizima gari. Redio ya msusi wa jirani ikasikika hadi gerejini.

Mama alifungua boneti, akachomoa koili, akaiweka mezani. Akachukua draya, akamkabidhi Mita.

"Pasha," alisema. "Dakika kumi. Wote tunangoja."

Mita aliwasha draya. Waya za mita zilikuwa zimeshikizwa kwenye koili, namba ikionekana wazi kiooni, na watu wote wakasogea kuitazama. Dakika ya kwanza namba haikubadilika. Ya tatu, ileile. Mkunga alitazama saa yake. Dakika ya sita mtu wa kwenye benchi akanong'ona, "Mbona nzima hii?" Mita akagundua kitu cha ajabu: alikuwa akiiombea koili ife. Ikiwa nzima, yeye ataponea, na mjomba ataondoka na kitambaa chake cha spana.

Dakika ya nane namba ikaruka. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Kisha ikatoweka. Kiooni kukabaki alama moja tu, ya kusema kwamba waya umekatika.

"Mnafiki," mjomba alisema polepole.

Mama alizima draya yeye mwenyewe. Aliitazama nukta nyekundu kwa karibu, akapitisha kidole juu yake, akaguna. "Laini. Macho yangu yaliona, hasira yangu ikakataa kuona." Kisha akamgeukia Mita. "Umefanya hivi kwa koili ngapi?"

"Sita. Siku ya fainali."

"Sita! Mita, unajua nilichokuwa nimeshika nilipoinama pale? Nilijua ugonjwa. Nilijua tangu Mama Mkunga aliposema gari likipoa linawaka. Nukta yako ikanifumba mdomo. Nikaacha ninachokijua miaka kumi na tano, nikaamini rangi ya kucha ya mtoto aliyekuwa anawahi mpira!"

"Nilikuwa nimechelewa, Mama. Saa nzima..."

"Ungeziacha!" Mama alipiga meza, parafujo zikaruka makoponi. "Ungeandika kwenye karatasi, 'Mama, bado sijapasha,' ukaenda kucheza. Nani angekugombeza? Koili isiyo na nukta haimdhuru mtu. Inakaa tu pale mezani inangoja. Sikukasirika kwa sababu hukumaliza kazi. Watu kila siku hawamalizi kazi. Nimekasirika kwa sababu umesema umemaliza."

Machozi yalimtoka Mita, akayafuta kwa mkono wenye mafuta, akabaki na mstari mweusi shavuni.

Mama akavuta pumzi. Akachukua funguo mezani, akatembea hadi kwenye kona alikokuwa mjomba, akahakikisha watu wa kwenye benchi wanasikia.

"Mdogo wangu, nimekuvunjia heshima mbele ya watu, na mbele ya watu hawahawa nakuomba radhi. Sikukusikiliza. Chukua funguo zako."

Mjomba alizitazama zile funguo kwa muda mrefu, kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Nitakusamehe," alisema. "Baadaye."

Benchi zima likacheka, na mama akacheka bila kupenda. Mjomba alizichukua funguo, akamtazama Mita, akaongeza bila kucheka, "Na wewe. Lile neno lako la spana limeniuma kuliko maneno yote ya mama yako."

"Nisamehe, Mjomba. Nilikuwa nimekosa mimi, na nikakusema wewe."

"Umesimama mbele ya gari linalonguruma kwa ajili yangu. Tumeanza kusameheana. Haya, koili tano nyingine ziko wapi?"

Tatu zilikuwa bado sandukuni. Mbili mjomba alikumbuka: moja aliifunga kwenye gari la kusambaza mikate, nyingine kwenye teksi ya yule dereva wa kofia nyekundu. Kwanza walimfungia mkunga koili mpya kabisa kutoka dukani, mama akaipasha na hiyo vilevile, kwani sheria ni sheria. Mkunga akaondoka kabla jua halijainama, honi ikilia hadi mwisho wa barabara.

Kisha Mita na mjomba wakatoka kwa miguu, draya, mita na koili za akiba ndani ya mfuko. Mama alikuwa ameshasema sharti lake: atakayezungumza na wenye magari ni Mita, si mjomba.

Dereva wa mikate alikuwa anapakia kreti. Alimsikiliza Mita hadi mwisho, akaweka kreti chini.

"Yaani nimezunguka wiki nzima, watoto wa shule tatu wananingoja mimi kwa kifungua kinywa, na wewe hukupima?"

"Sikupima. Nimekuja kupima sasa."

"Na ikiwa mbovu?"

"Tunakufungia nyingine hapahapa."

"Binti, ningekuwa baba yako ningekuchapa," alisema, akafungua boneti. "Lakini hujajificha. Pima."

Ilikuwa nzima. Ya teksi pia ilikuwa nzima, ingawa dereva wa kofia nyekundu aliwahubiria muda wote wa draya. Jioni, kabla ya giza, Mita alipasha zile tatu za sandukuni. Nzima zote. Alifuta zile nukta laini kwa petroli, akapaka upya, akatazama rangi ikichemka na kujikunja.

"Tano kati ya sita zilikuwa nzima," alisema, kidogo kama mtu anayejitetea.

Mama alimtazama tu. Mita akainamisha macho. Hakuhitaji kuambiwa ni ipi iliyopanda kilima.

Siku mbili baadaye mkunga alirudi, safari hii gari likienda lenyewe. Alikuwa anatoka kumkagua yule mtoto wa mlangoni. Alisema ananyonya vizuri, na kwamba bibi yake aliyesukuma gari bado analalamikia mgongo. Kisha akaomba kuzungumza na fundi wa nukta.

Mita alikuja akifuta mikono, roho juu.

"Kaa," mkunga alisema, na safari hii ilikuwa ile sauti yake nyingine. Akatoa mkobani kadi ya kliniki iliyokunjamana. "Kila mama anayekuja kwangu nampima shinikizo la damu, naandika namba hapa. Siku nyingine wanakuja arobaini. Mgongo unaniuma, njaa inaniuma. Ningeweza kuandika namba ya mwezi uliopita. Nani angeniona?"

"Hakuna," Mita alisema.

"Hakuna. Lakini siku moja yule mama ataanguka, atapelekwa kwa daktari asiyenijua. Daktari ataisoma kadi hii, ataamini, ataacha kutafuta ugonjwa mahali ulipo. Kama mama yako alivyoacha. Mwanangu, alama unayoiweka kwenye kazi ni neno lako, na wanaolitegemea neno hilo hutawaona hata sura. Kama umepima, andika. Kama hujapima, acha wazi. Pakiachwa wazi, mwingine atapima. Lakini pakiandikwa uongo, kila anayekuja nyuma yako anadanganywa, hata awe hodari namna gani."

Aliirudisha kadi mkobani, akamgusa shavu, akaondoka.

Mita alirudi mezani. Kulikuwa na koili mbili nyingine zilizochomolewa asubuhi. Alizipima baridi, akapaka nyeupe, akawasha draya na kuitazama saa ya ukutani. Kelele ilikuwa ileile na harufu ya nywele zilizoungua ileile, na bado hakuipenda hata kidogo. Dakika kumi zilipotimia alipima, akapaka nukta nyekundu, akaishika koili ya kwanza kwa kitambaa, akaipeleka kwa mama.

Mama aliitazama. "Imepashwa?"

"Ishike mwenyewe."

Mama akaishika, akairudisha mezani upesi, akipuliza vidole.

"Haya," alisema. "Weka sandukuni."